Swichi Iko kwa Nani

Kijistari kile kinachowaka na kuzima mahali herufi inayofuata itakapoandikwa ni kikongwe kuliko karibu kila kitu tunachokiona leo kwenye skrini. Charles Kiesling, mhandisi wa kampuni ya Sperry Rand ya Marekani, alikiombea hataza mwezi Agosti 1967. Skrini za wakati ule zilijaa maandishi matupu, mstari juu ya mstari, na mtu aliyetaka kusahihisha neno moja katikati ya ukurasa alihitaji kujua yuko wapi. Alama iliyotulia ingemezwa na herufi za jirani. Inayowaka na kuzima haimezwi. Zaidi ya miaka 50 imepita, kijistari bado kinapepesa kwenye kompyuta na simu za dunia nzima, na hakuna anayekinung'unikia. Jambo hili lisisahaulike kila inapozungumzwa kero ya skrini za siku hizi, maana walalamikaji wengi huanza kwa kuulaumu mwendo wenyewe: vitu vinaruka, vinatetema, vinang'aa, vinajitokeza bila kuitwa. Mwendo ungekuwa ndio kosa, kijistari cha Kiesling kingekuwa cha kwanza kufukuzwa. Anayeifuata historia hii hatua kwa hatua anaona kwamba ugomvi tangu mwanzo ulihusu mambo mawili mengine: kitu kinawaka kwa faida ya nani, na swichi ya kukizima iko kwa nani.

Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa VT100, mtambo wa skrini na kibodi uliounganishwa na kompyuta kubwa iliyokaa chumba kingine. Ukiongezewa bodi ya ziada, mtambo huo uliweza kukoleza maandishi na kuyafanya yawake na kuzima. Maagizo yake, yaliyofuata kiwango cha ANSI, yanafanya kazi hadi leo katika programu nyingi zinazoiga mitambo ile. Uwezo wa kuudhi, basi, ulikuwapo miaka mingi kabla ya intaneti kufika majumbani, na haukuzusha malalamiko ya kukumbukwa. Sababu haikuwa busara ya wahandisi. Aliyelipia mtambo, aliyeandika programu na aliyekaa mbele ya skrini kwa kawaida walikuwa wa ofisi moja, kazi yao ni moja, na mtu hana faida ya kumsumbua mhasibu wake mwenyewe. Neno likiwaka, lilikuwa na habari.

Hali hiyo ilianza kugeuka 1994, huko Mountain View, California. Lou Montulli, mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa kampuni ya Netscape, ameeleza mwenyewe jinsi ilivyotokea. Kabla ya kujiunga na Netscape alikuwa amesaidia kutengeneza Lynx, kivinjari cha maandishi matupu cha Chuo Kikuu cha Kansas. Jioni moja kwenye baa alikuwa akizungumza na wenzake kuhusu mapambo mapya ya kurasa za wavuti, akatania kwamba katika mapambo yote hayo Lynx ingeweza moja tu, nalo ni kuwasha na kuzima maandishi. Walicheka, wakaendelea na vinywaji. Asubuhi yake alikuta mwenzao mmoja amekesha ofisini na kulitia wazo hilo kazini. Kivinjari cha Netscape kilipotoka mwisho wa mwaka ule, agizo la blink lilikuwamo, na yeyote aliyejua kuandika ukurasa aliweza kuzungushia neno alama mbili, na neno hilo likawaka na kuzima mbele ya msomaji bila kikomo. Montulli amesisitiza mara kwa mara kwamba si yeye aliyeiandika programu ile. Huyo huyo Montulli ndiye aliyebuni vidakuzi mwaka ule ule, vile vijifaili vinavyomkumbuka mgeni wa tovuti, ambavyo leo vimetuletea mabango ya kuomba ridhaa kila tunapofungua ukurasa wa Ulaya. Ni watu wachache waliochangia kero za skrini kwa kiasi hicho bila kukusudia hata moja.

Kwa nini neno moja linalowaka liudhi kuliko ukurasa mzima wa maneno mabaya? Jibu limo katika jicho. Sehemu ya jicho inayosoma herufi ndogo kwa ukali ni finyu mno, kama nyuzi 2 za pembe. Nyosha mkono, tazama ukucha wa dole gumba, na eneo hilo ndilo karibu lote unaloliona kwa usahihi kwa wakati mmoja. Eneo jingine lote, huku pembeni, halisomi. Lina kazi yake, nayo ni kugundua kinachosogea au kutokea ghafla na kuliamuru jicho ligeuke. Mwaka 1984 wanasaikolojia Steven Yantis na John Jonides walionyesha katika majaribio kwamba kitu kinachojitokeza ghafla huvuta umakini kabla mtu hajaamua kukitazama. Msomaji wa ukurasa wenye neno linalowaka pembeni, kwa hiyo, hawezi kuambiwa alipuuze tu. Kila linapowaka anaitwa, na kila anapoitwa anaacha mstari, anagundua ni lile lile, anarudi kutafuta alipoishia. Anayesema mlalamikaji ni mtu asiye na nidhamu anaomba nidhamu mahali ambapo mwili haukuweka swichi.

Netscape haikuishia hapo. Picha za GIF zilikuwa na uwezo wa kubeba michoro kadhaa inayofuatana, na kivinjari cha Netscape, katika toleo la pili, kiliongeza kipande kidogo cha data kinachotaja mfululizo huo urudiwe mara ngapi. Ukiandika 1, unajua maana yake. Ukiandika 0, picha haisimami kamwe. Sifuri hiyo ndiyo iliyotumika mno: bahasha zilizofunguka na kujifunga, mienge iliyowaka, vibao vya "tovuti bado inajengwa" vyenye mfanyakazi asiyemaliza kuchimba. Microsoft nayo ilijibu kwa marquee, maandishi yanayotembea kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Mei 1996 Jakob Nielsen, bingwa wa Kidenmaki wa masuala ya urahisi wa matumizi, alichapisha orodha yake ya makosa 10 ya wasanifu wa tovuti, na maandishi yanayotembea pamoja na picha zisizotulia vilikuwamo. HTML 3.2, kiwango rasmi cha kuandikia kurasa za wavuti cha Januari 1997, haikuyatambua marquee wala blink. Haikusaidia sana. Vivinjari viliendelea kuyatii kwa miaka, na Firefox ilikuja kuachana na blink mwaka 2013, miaka 19 baada ya utani ule wa baa.

Hapa hutokea pingamizi la haki. Kurasa zile za miaka ya 1990, hususan zilizowekwa kwenye huduma ya GeoCities, zilitengenezwa na watu wa kawaida, si makampuni. Mwanafunzi aliyeweka nyota zinazometa nyuma ya shairi lake alikuwa akijieleza, na wapo wanaosema kwamba dharau ya wasanifu dhidi yake ilikuwa dharau ya wenye shahada dhidi ya wasio nayo. Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Aliyeingia kwenye ukurasa wa mtu alikuwa ameingia nyumbani kwake, akiudhika anatoka, na mwenye ukurasa hakupata senti wala hasara. Lakini pingamizi hilo hilo linaimarisha hoja ya swichi. Makelele ya GeoCities yalivumilika kwa sababu mgeni hakulazimika kwenda huko. Kilichofuata kiliwafuata watu kwenye kazi zao.

Microsoft ilikuwa na wazo kwamba kompyuta ingetisha kidogo zaidi kama ingekuwa na uso. Machi 1995 ilitoa Bob, programu iliyogeuza skrini kuwa sebule yenye mbwa na wanyama wengine wanaoongea. Ilitegemea kwa sehemu utafiti wa Clifford Nass na Byron Reeves wa Chuo Kikuu cha Stanford, walioonyesha kwamba watu huitendea kompyuta kana kwamba ni mtu, kwa adabu na hata kwa kinyongo. Bob ilikufa ndani ya mwaka mmoja, wazo halikufa. Office 97 ilikuja na msaidizi aliyekaa kwenye kona ya skrini, na sura aliyokuwa nayo mara nyingi ilikuwa ya kibanio cha karatasi chenye macho na nyusi, kilichochorwa na Kevan Atteberry. Dunia ilikuja kukiita Clippy. Ukiandika maneno ya kufungulia barua, kibanio kiliamka, kikagonga kioo kwa ndani, kikasema inaonekana unaandika barua na kuuliza kama unahitaji msaada. Ukikataa, kilitulia kwa muda. Ukianza barua nyingine kesho yake, kiliuliza tena kwa maneno yale yale. Wakati huo wote hakikukaa kimya: kilipepesa macho, kilijikunja, kiliinua nyusi, kikimwangalia mtu anayejaribu kumaliza ripoti.

Kinachostahili kuangaliwa kwa karibu ni kwamba watu wa ndani ya Microsoft walijua namna ya kuzuia hali hii. Kundi la Eric Horvitz, katika kitengo cha utafiti cha kampuni hiyo, lilikuwa limejenga mfumo ulioitwa Lumiere. Mfumo huo ulikadiria, kwa hesabu za uwezekano, mtumiaji anajaribu kufanya nini na ana ujuzi kiasi gani. Juu ya hapo uliweka kwenye mizani jambo ambalo wachache walikuwa wamelitilia maanani: msaada huu una thamani ya kutosha kulipia usumbufu wa kuutoa? Watafiti hao walieleza wenyewe, katika makala yao ya 1998, kilichobaki na kilichoachwa Office 97 ilipoingia sokoni. Kumbukumbu ya kudumu ya mtumiaji iliachwa. Kumbukumbu ya matendo yake ilifupishwa ikabaki ya hivi punde tu. Ule upimaji wa faida dhidi ya usumbufu kabla ya kujitokeza haukutumika. Ilichukuliwa ile sehemu inayoonekana, ikaachwa ile inayofikiri. Nass aliandika baadaye kwamba kosa la kibanio lilikuwa la kijamii: hakikujifunza lolote kuhusu mtu kilichofanya naye kazi kila siku. Mwaka 2001, Office XP ilipotoka, Microsoft ilikizima kibanio tangu kiwandani na kuendesha kampeni ya matangazo ya kukidhihaki chenyewe, na Office 2007 haikuwa nacho kabisa. Wengi hukumbuka kisa hiki kama kichekesho cha mchoro uliokosewa, ilhali mchoro wenyewe ulipendwa na wengi na bado unapendwa. Ukali wa chuki ulitokana na ukweli kwamba mtu alikuwa ameinunua programu, yuko kazini kwake, na kuna mtu mwingine ameamua lini akatizwe.

Wakati Bob anauzwa madukani, kilomita chache kutoka Mountain View, kwenye maabara ya Xerox PARC mjini Palo Alto, kulikuwa na jaribio la upande wa pili kabisa. Msanii Natalie Jeremijenko alining'iniza kwenye dari waya wa plastiki wa urefu wa kama mita 2 na nusu, ukishikwa na mota ndogo iliyounganishwa na kebo ya mtandao wa ofisi. Kila kipande cha data kilichopita kiliushtua waya kidogo. Mtandao ukiwa na shughuli nyingi waya ulizunguka kwa kasi na kuvuma. Ukiwa kimya ulitikisika mara moja moja. Mark Weiser na John Seely Brown waliutumia waya huo, katika maandishi yao ya 1995 kuhusu teknolojia tulivu, kuonyesha kwamba habari inaweza kukaa pembeni ya fahamu, ikaja katikati mtu akiihitaji na kurudi pembeni akimaliza. Angalia kwamba waya ule haukuacha kutikisika. Ulikuwa na mwendo mwingi kuliko kibanio cha Microsoft, na wafanyakazi walipita chini yake bila kukatizwa, kwa kuwa haukudai jibu na haukuzuia njia. Weiser alifariki 1999, kabla simu janja hazijaenea. Wazo lake lilisifiwa vyuoni, na pesa zikaenda kwingine.

Zilienda kwenye matangazo. Tarehe 27 Oktoba 1994 jarida la mtandaoni HotWired lilianza kuonyesha mabango ya kulipiwa, moja likiwa la kampuni ya simu ya AT&T, na inasimuliwa kwamba karibu watu 44 katika kila 100 walioliona bango hilo walilibonyeza. Miaka michache baadaye, hata kumpata 1 katika 100 kulikuwa bahati. Mwaka 1998 Jan Benway na David Lane wa Chuo Kikuu cha Rice walieleza chanzo. Waliwapa watu kazi ya kutafuta habari fulani, na habari hiyo hiyo wakaiweka kwenye bango kubwa lenye rangi juu ya ukurasa. Watu wengi hawakuiona. Walikuwa wamejifunza kwamba kilichokolezwa mno si chao.

Watetezi wa skrini za sasa hushika hapo hapo: kumbe watu huzoea, basi kelele za nini? Lakini kuzoea huku kuna gharama mbili. Ya kwanza imo ndani ya jaribio lenyewe, kwani waliokosa kuliona bango walikosa kitu walichokuwa wakikitafuta. Jicho lililofundishwa kuruka rangi nyekundu litaruka pia onyo la kweli. Ya pili ni kwamba muuzaji naye hakukaa kimya. Bango lililopuuzwa lilifanywa litikisike, lililotikisika likipuuzwa likapewa sauti, na lenye sauti likapewa dirisha lake mwenyewe. Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya dirisha la kwanza la tangazo linaloruka alipokuwa kampuni ya Tripod, alieleza mwaka 2014 kwamba lilizaliwa baada ya kampuni ya magari kukasirika kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Kulitenga tangazo kwenye dirisha lake kulionekana ni suluhisho. Aliomba radhi hadharani. Kilichomshinda mpiga debe wa stendi, ambaye abiria anaweza kumkwepa kwa kupita mlango wa nyuma, kiliwezekana kwenye skrini: dirisha liliziba njia yenyewe.

Utafiti wa Gloria Mark na wenzake, uliochapishwa 2008, unaongeza jambo ambalo hesabu za mabango hazilioni. Watu waliokatizwa kazini walimaliza kazi zao kwa muda mfupi zaidi kuliko wasiokatizwa, na ubora wa kazi haukushuka. Meneja akisoma hadi hapo atafurahi. Ila walipoulizwa, waliripoti msongo zaidi, kuudhika zaidi, na hisia ya kufukuzana na muda. Walikuwa wamefidia usumbufu kwa kukimbia. Anayepima kazi tu hataiona kero, na hiyo ni sababu mojawapo ya kero kuishi muda mrefu ndani ya makampuni yanayopima kila kitu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Husemwa kwamba huduma za bure zinalipiwa na macho ya watumiaji, kwa hiyo asiyetaka mabango alipe. Jibu limo kwenye vitabu vya hesabu vya Google. Oktoba 2000 kampuni hiyo ilifungua AdWords, matangazo ya maandishi mafupi pembeni mwa majibu ya utafutaji, bila picha, bila rangi za kukimbizana, bila kutikisika. Mwaka 2004 mapato yake yalipita dola bilioni 3, karibu yote yakitokana na matangazo. Tangazo lilimfikia mtu aliyekuwa ametoka kuandika anachokitafuta, kwa hiyo halikuhitaji kumshika shati. Kwa muda wa miaka kadhaa dunia ilikuwa na ushahidi kwamba utulivu unalipa kuliko kelele. Kisha, Aprili 2007, Google hiyo hiyo ilitangaza kuinunua DoubleClick, kampuni kubwa ya mabango, kwa dola bilioni 3.1. Haikufanya hivyo kwa kuwa maandishi yameshindwa. Majibu ya utafutaji yana nafasi yenye mwisho, na kurasa za watu wengine hazina mwisho.

Wasomaji hawakungoja viwango wala huruma. Vivinjari vya Opera na Mozilla vilianza kuyazuia madirisha yanayoruka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwezi Agosti 2004 Microsoft ikaweka kizuizi hicho ndani ya Internet Explorer kupitia sasisho la Windows XP. Biashara iliyoonekana haizuiliki ilianguka pale swichi ilipohamia upande wa mtu anayetazama. Hakuna orodha ya makosa 10 iliyowahi kufanya hivyo, hata ile ya Nielsen.

Katika Afrika Mashariki swichi ilihamishwa na gharama ya data. Watu wengi waliijua intaneti kwa mara ya kwanza kupitia simu ndogo na kivinjari cha Opera Mini, kilichoanza kusambazwa duniani Januari 2006. Kurasa zilipitia kwanza kwenye seva za kampuni, zikabanwa, zikamfikia mtu nyepesi, na mapambo mengi yakabaki njiani. Hakuna aliyeitumia kwa falsafa ya utulivu. Aliitumia kwa kuwa bando lilikuwa ghali. Na mfumo wa kompyuta uliobadilisha maisha ya watu wengi zaidi katika ukanda huu hauna hata picha moja. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 ikiwa ndani ya menyu ya laini ya simu, ikaingia Tanzania 2008, na hadi leo anayebonyeza *150*00# hupata mistari michache yenye namba: tuma pesa, toa pesa, lipa bili. Anachagua namba, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri. Ina ubaya wake, kwani ukichelewa kujibu inakatika na kukurudisha mwanzo, na anayeingiza namba ya simu kwa makosa hulia. Hata hivyo kila kilichoko kwenye skrini hiyo kipo kwa sababu ya muamala ulioanzishwa na mtumaji mwenyewe. Kwenye programu za kisasa za simu janja za kufanyia kazi hiyo hiyo, mtu huvuka kwanza mabango ya mikopo na michezo ya bahati.

Wapo wanaotumia mifano kama hii kudai skrini zote zirudi kwenye maandishi matupu. Siwaungi mkono. Mwaka 1993 Bay-Wei Chang na David Ungar waliandika kuhusu kuchukua mbinu za wachora katuni na kuzileta kwenye kompyuta, na hoja yao ilikuwa madhubuti: kitu kikitoweka hapa na kutokea kule, mtu hupoteza fahamu ya kilichotokea, kikisafiri, jicho linakifuata. Dirisha linalojikunja kuelekea aikoni yake humfundisha mgeni, kwa nusu sekunde, mahali pa kulitafuta baadaye. Mwendo wa namna hiyo ni jibu kwa tendo la mtu. Anabonyeza, unatokea, unakwisha.

Na bado hata huo unaweza kuumiza, kama Apple ilivyojifunza. Tarehe 18 Septemba 2013 ilitoa iOS 7, ambamo kila programu ilifunguka kwa kumvutia mtazamaji ndani na picha ya nyuma ilisogea simu ilipoinamishwa. Watu wenye matatizo ya mfumo wa usawa wa mwili ulio ndani ya sikio walianza kuripoti kizunguzungu na kichefuchefu, na hawakuwa na toleo la zamani la kurudia. Kulikuwa na swichi ya kupunguza mwendo, ila ilizima kusogea kwa picha ya nyuma tu. Ule uvutaji ulibadilishwa kuwa ufifiaji kwenye toleo la 7.0.3, tarehe 22 Oktoba. Mwezi mmoja na siku chache, kwa kampuni ya ukubwa ule, ni haraka. Kilichobaki ni mahali swichi ilipowekwa, na ndipo ilipo hadi sasa: ndani ya sehemu ya mipangilio ya watu wenye ulemavu. Inawafaa hao, na wana haki nayo. Lakini kuiweka huko kunasema kwamba jicho linalovutwa na mwendo ni jicho lenye hitilafu, wakati kila jicho zima linavutwa hivyo hivyo.

Viwango vya kimataifa vya WCAG, vya kuwarahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya wavuti, vimekuwa wazi zaidi ya watengenezaji. Toleo la 2.0, la Desemba 2008, linataka kitu chochote kinachoanza kutembea au kuwaka chenyewe, kikadumu zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine, kiwe na njia ya kusimamishwa, na linakataza kumulika zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Sharti hilo la pili lina historia chungu: Desemba 1997, nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilichomulika nyekundu na bluu kwa kasi kilipeleka hospitali watu wapatao 685, wengi wao watoto. Masharti yote mawili yamo kwenye ngazi ya chini kabisa ya kiwango, ile ambayo hata tovuti isiyojali sana inatarajiwa kuitimiza. Katuni zimerekebishwa. Sharti la sekunde 5 huvunjwa kila siku na kurasa za habari zinazosomwa na mamilioni.

Kuanzia 2017, Safari ikitangulia, vivinjari vilianza kuziambia tovuti kwamba mtumiaji wao ameomba mwendo upunguzwe. Ni ombi tu. Tovuti inaweza kulisikiliza au kuendelea kutikisika, na mwenye bango hana sababu ya kusikiliza. Nguvu ya kulazimisha imebaki kwa mwenye kivinjari, na kivinjari kinachotumiwa na wengi ni Chrome ya Google. Februari 2018 Chrome ilianza kuzuia matangazo kwenye tovuti zilizokiuka vigezo vya muungano wa kampuni za matangazo na teknolojia, vikiwemo vya mabango yanayomulika kwenye simu na madirisha yanayoruka. Aprili ikazuia video zinazojianzisha zenyewe zikiwa na sauti. Watumiaji walipumua, na hawakuwa na kosa kufurahi. Ila orodha ya kinachoudhi ilikuwa imeandikwa na wenye kuuza, na matangazo yaliyopita kwenye kichujio ni pamoja na ya mwenye kichujio. Mwaka 2024 Chrome ilianza kuzima viongezi vya mfumo wa zamani, ikitoa sababu za usalama na kasi. Mfumo mpya unawapa vizuia matangazo uwezo mdogo zaidi, na uBlock Origin, ambayo mamilioni walikuwa wameiweka kwa hiari yao, ikawa mojawapo ya vilivyozimwa.